Ajira serikalini Uingereza: Masharti yasomwe kabla ya kuuza shamba

FEDHA za kahawa, korosho au parachichi zinapoingia nyumbani, maombi ya watoto nayo huongezeka. Mmoja anataka mtaji wa duka, mwingine ada ya chuo, na siku hizi yupo anayekuja na habari kwamba amepata "mtu" wa kumtafutia kazi katika serikali ya Uingereza. Kinachotakiwa, anasema, ni mzee kutoa fedha ya "kushughulikia makaratasi". Baada ya hapo kijana atapanda ndege, atakaa ofisini na kuanza kutuma pauni nyumbani.

Habari ya namna hii ina ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ni kweli kwamba Mtanzania, Mkenya au Mganda anaweza kuajiriwa katika utumishi wa umma wa Uingereza bila kuwa raia wa nchi hiyo. Lakini si kweli kwamba kazi hiyo inanunuliwa, wala kwamba inamtoa mtu kijijini na kumfikisha London moja kwa moja. Familia isiyojua tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kuuza ng'ombe wa maziwa au ekari mbili za shamba na isione hata risiti.

Mlango mmoja, kufuli mbili

Utumishi wa umma wa Uingereza una wafanyakazi zaidi ya nusu milioni. Wamo wanaokusanya kodi, wanaolipa mafao ya wazee na wasio na kazi, wanaosimamia magereza, na wanaokagua maua, mboga na matunda yanayoingia nchini humo kutoka nje, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Walimu wa shule za umma, askari polisi na wauguzi wa hospitali za umma hawahesabiwi katika kundi hili, ingawa nao hulipwa kwa fedha za walipa kodi.

Kufuli la kwanza ni uraia. Kanuni za utumishi huo zinaruhusu kuajiriwa kwa raia wa Uingereza, raia wa Jamhuri ya Ireland, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na baadhi ya raia wa Ulaya wenye hadhi ya ukaazi waliyopewa baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika Jumuiya ya Madola, na Rwanda ilijiunga mwaka 2009. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo. Hivyo majirani wawili wanaouza samaki soko moja kando ya Ziwa Tanganyika wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa mbele ya kanuni hizo, kwa sababu ya pasipoti tu.

Zipo pia nafasi zilizotengwa kwa raia wa Uingereza peke yao, hasa zinazohusu usalama wa taifa, ujasusi na baadhi ya kazi za kidiplomasia. Tangazo la kazi husema wazi kama nafasi ni ya aina hiyo.

Kufuli la pili ni haki ya kufanya kazi nchini humo, na hili ndilo mawakala wengi hulinyamazia. Kuwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola kunampa mtu sifa ya kuomba, lakini hakumpi viza. Mwombaji anatakiwa awe na kibali kinachomruhusu kufanya kazi hiyo. Mwenye ukaazi wa kudumu anacho. Aliyemaliza shahada katika chuo cha Uingereza na kupata viza ya wahitimu anacho pia, ila kwa muda. Viza hiyo ni ya miaka 2, na kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 itakuwa ya miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu wanaopewa miaka 3. Kijana aliye Mbozi au Meru na pasipoti mpya mfukoni hana.

Hesabu ya viza

Wakala atajibu kwamba serikali yenyewe ndiyo itakayomdhamini kijana. Hapo inafaa kupiga hesabu.

Tangu Julai 2025, mwajiri wa Uingereza anayetaka kumdhamini mgeni kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anatakiwa, kwa kawaida, amlipe mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi yenyewe iwe ya kiwango cha shahada. Yapo mapunguzo kwa makundi machache, kama vijana wanaoanza kazi za kitaaluma, lakini sharti la kiwango cha kazi linabaki.

Ngazi za kuanzia katika utumishi wa umma wa huko hujulikana kwa herufi AA, AO na EO. Hizi ndizo kazi za ukarani, mapokezi, kujibu simu na kushughulikia mafaili. Mishahara yake kwa kawaida iko chini sana ya kiwango hicho, na kazi zenyewe si za daraja linalodhaminiwa. Kwa maneno mengine, kazi ya ukarani serikalini yenye viza ndani yake, ambayo ndiyo huahidiwa zaidi vijijini, haiwezekani kwa mujibu wa sheria za uhamiaji. Wakala akiiahidi, ama haijui sheria au anaijua vizuri na anategemea kwamba mteja wake haijui.

Kazi za kitaalamu ni suala jingine. Idara nyingine zina leseni ya kudhamini, na huamua zenyewe ni nafasi zipi zitadhaminiwa. Mfano ulio karibu na wafugaji ni madaktari wa mifugo katika Wakala wa Afya ya Wanyama na Mimea (APHA). Hata hivyo, anayetaka kufanya kazi hiyo lazima kwanza asajiliwe na chombo cha madaktari wa mifugo cha Uingereza. Wenye shahada zisizotambuliwa moja kwa moja, zikiwemo za vyuo vya Afrika Mashariki, hutakiwa kufaulu mtihani wa chombo hicho. Ni safari ndefu na ina gharama, lakini ni ya kweli.

Orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini hutangazwa na serikali ya Uingereza kwenye intaneti, na kuisoma ni bure. Mzazi anaweza kumwomba mwalimu wa sekondari ya kata amsaidie kuitazama kwa simu kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa nini hainunuliwi

Zamani ilinunuliwa, au angalau iligawiwa kwa kujuana. Hadi katikati ya karne ya 19, kazi za serikali huko Uingereza zilitolewa kwa watoto na marafiki wa wakubwa. Mwaka 1854 ilichapishwa ripoti ya Stafford Northcote na Charles Trevelyan iliyopendekeza watu waajiriwe kwa mitihani na kupandishwa kwa sifa. Mwaka 1855 ikaundwa Tume ya Utumishi, na mwaka 1870 mitihani ya ushindani ikafanywa utaratibu wa kawaida kwa sehemu kubwa ya idara.

Sheria ya mwaka 2010 iliuweka utaratibu huo katika msingi wa kisheria. Inasema uteuzi ufanyike kwa sifa, kwa haki na kwa ushindani ulio wazi. Zipo nafuu chache zinazoruhusiwa, lakini hakuna hata moja inayohusu kumlipa mtu wa kati. Kuomba ni bure, mtihani ni bure, na usaili ni bure. Matangazo huwekwa kwenye tovuti ya serikali iitwayo Civil Service Jobs, ambayo anwani yake huishia na gov.uk. Barua yenye nembo ya taji inayotoka kwenye anwani ya barua pepe ya kawaida na kudai "ada ya usajili" haijatoka serikalini.

Watanzania waliowahi kutumia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni sana. Kuna tangazo, mchujo, usaili na kanzidata ya waliofaulu wakakosa nafasi. Tofauti kubwa iko katika namna ya kupima watu.

Jina hufichwa, mifano hupimwa

Katika maombi mengi ya huko, jina la mwombaji na taarifa nyingine zinazomtambulisha hufichwa wakati wa mchujo. Anayesoma hajui kama aliyeandika ni Mwaisaka au Smith. Anachoona ni historia ya kazi, maelezo binafsi na mifano.

Mifano ndiyo roho ya maombi hayo. Tangu mwaka 2018 utumishi huo ulipoanza kutumia mfumo mpya wa kupima waombaji, kinachotazamwa ni tabia za kikazi, vipaji, uwezo, uzoefu na utaalamu. Tabia za kikazi ziko 9, kama vile kushirikiana na wengine, kufanya uamuzi wenye tija, kuwasiliana na kushawishi, kusimamia huduma bora na kukamilisha kazi kwa wakati. Tangazo huchagua chache kati ya hizo, na kwa kila moja mwombaji huandika mfano mmoja, mara nyingi usiozidi maneno 250.

Mfano mzuri una sehemu nne: hali ilikuwaje, mhusika alitakiwa kufanya nini, alifanya nini hasa, na matokeo yalikuwa nini. Wasahihishaji hutoa alama kuanzia 1 hadi 7, na kwa kawaida 4 ndiyo alama ya chini ya kupita. Waombaji wakiwa wengi, tabia moja iliyotajwa kwenye tangazo inaweza kutumika kuwachuja kwanza.

Hapa ndipo wengi wenye vyeti vizuri huanguka. Huandika kwamba wao ni wachapakazi, waaminifu na wenye kushirikiana, lakini hawasemi walifanya nini, lini, na nini kilibadilika. Wengine huandika "tulifanya" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na msahihishaji hawezi kujua mchango wa mwombaji mwenyewe. Mfano ulionakiliwa kwa mtu mwingine, au uliotungwa na programu ya kompyuta na kuwasilishwa kama jambo lililomtokea mwombaji, unaweza kumwondoa moja kwa moja.

Mtoto wa mkulima ana cha kusema

Kijana aliyekulia kwenye shamba au kibanda cha biashara huweza kudhani hana mfano wa maana. Sivyo. Aliyewahi kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, akagundua kwamba kumbukumbu za kilo hazilingani na stakabadhi za wakulima, akakaa na katibu, akarekebisha daftari na kuwaeleza wanachama kabla ya malipo ya pili, ana mfano wa uamuzi, wa mawasiliano na wa huduma bora kwa wakati mmoja. Aliyesimamia duka la mama yake na kupunguza madeni ya wateja kwa kuweka utaratibu wa daftari naye ana mfano.

Kinachotakiwa ni tarakimu na ukweli. Wakulima walikuwa wangapi? Tofauti ilikuwa kilo ngapi? Malipo yalitoka baada ya siku ngapi? Mtu asiyeweka kumbukumbu za kazi zake hawezi kujibu maswali hayo, na mbele ya wasaili ambao mara nyingi huwa watatu, wengi wao sasa wakifanya usaili kwa njia ya video, kusitasita hujionyesha.

Ofa si ajira

Aliyefaulu hupewa kwanza ofa yenye masharti. Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa huweza kuwekwa kwenye orodha ya akiba, kwa kawaida kwa miezi 12. Katika hatua ya ofa ya masharti, ushauri ulio salama ni mmoja: asiache kazi aliyo nayo hadi ofa ya mwisho itoke, kwa kuwa kati ya tarehe ya mwisho ya maombi na siku ya kuanza kazi miezi kadhaa inaweza kupita.

Ndani ya miezi hiyo hufanyika uhakiki wa msingi unaomhusu kila mtumishi. Mambo manne huangaliwa: utambulisho, uraia na hali ya uhamiaji, historia ya kazi ya miaka 3, na makosa ya jinai ambayo bado yanahesabika. Aliyekaa nje ya Uingereza kwa jumla ya miezi 6 au zaidi katika miaka hiyo 3 anaweza kutakiwa kutoa maelezo na cheti cha polisi cha nchi aliyokuwa. Kwa Mtanzania hicho ni cheti cha tabia njema.

Historia ya kazi ndiyo huwasumbua waliojiajiri. Kijana anayesema aliendesha duka Kariakoo kwa miaka 2 ataulizwa ushahidi. Leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, makadirio ya kodi au taarifa za benki humaliza suala hilo kwa siku chache. Asiye na karatasi yoyote huonekana kama mtu aliyekuwa hayupo kwa miaka 2. Wafanyabiashara wadogo wanaoona leseni ni usumbufu wangelitafakari hilo.

Nafasi zinazogusa mambo ya siri huhitaji uhakiki wa juu zaidi, na hapo muda wa kuishi Uingereza huhesabika. Kwa uhakiki unaohusu ugaidi kwa kawaida hutakiwa miaka 3, kwa uhakiki wa usalama miaka 5, na kwa ule wa juu kabisa miaka 10. Mgeni aliyefika mwaka jana ajielekeze kwenye nafasi zinazotaka uhakiki wa msingi.

Siku ya kwanza na mshahara

Mtumishi mpya hukabidhiwa kitambulisho, kompyuta na Kanuni za Maadili zenye misingi minne: uadilifu, ukweli, kuamua kwa kufuata ushahidi, na kutopendelea chama wala upande wowote wa kisiasa. Hutakiwa kutaja maslahi yake. Mwenye hisa katika kampuni ya familia inayosafirisha parachichi kwenda Uingereza, kisha akaajiriwa katika idara inayokagua mazao, asipotaja jambo hilo anajiweka pabaya. Kipindi cha majaribio mara nyingi ni miezi 6.

Kuhusu fedha, mategemeo ya nyumbani huwa makubwa kuliko hali halisi. Chukua mfano wa mshahara wa pauni 26,000 kwa mwaka katika ngazi za chini. Kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kile kinachozidi pauni 12,570. Bima ya taifa ni asilimia 8 ya ziada hiyo. Mchango wa pensheni ni karibu asilimia 5. Baada ya makato hayo mtumishi hubakiwa na zaidi kidogo ya pauni 1,750 kwa mwezi. Chumba kimoja London kinaweza kumeza pauni 800 au zaidi, na bado hajapanda treni wala kula. Anayeanza akitokea nje ya utumishi huo kwa kawaida huanzia chini kabisa ya ngazi ya mshahara.

Faida kubwa imejificha kwenye mambo ambayo hayatumwi kwa simu. Likizo ya kuanzia mara nyingi ni siku 25 kwa mwaka mbali na sikukuu. Pensheni ya mfumo ulioanza mwaka 2015 huchangiwa na mwajiri kwa zaidi ya robo ya mshahara. Huo ni utajiri wa uzeeni, si wa kuezeka nyumba ya kijijini mwaka wa kwanza. Familia iliyokopa kwa riba ikitegemea kulipwa ndani ya miezi 6 itamvunja mgongo kijana wake.

Uraia na ardhi

Lipo jambo moja ambalo wazazi wengi hawalifikirii mapema. Kijana akikaa miaka mingi anaweza kuchukua uraia wa Uingereza ili afikie nafasi zile zilizotengwa. Kwa Mkenya hilo si tatizo, kwani Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Aidha, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa ilisema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Aliyetegemewa kurithi migomba ya babu anaweza kujikuta mgeni mbele ya baraza la ardhi la kijiji chake. Ni vizuri mazungumzo hayo yafanyike mzee angali hai.

Njia iliyo karibu

Kwa asiye na viza, zipo kazi za serikali ya Uingereza zisizohitaji ndege. Balozi zake za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huajiri wenyeji katika fedha, biashara, miradi, udereva na utawala. Waajiriwa hao hulipwa kwa masharti ya nchi waliyopo na hawahesabiwi kuwa watumishi wa umma wa Uingereza kwa maana kamili, lakini usaili hufanana sana na ule wa London. Uzoefu wake ni shule nzuri, na kuomba ni bure vilevile.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika suala hili kuinama ni kusoma tangazo hadi mwisho. Kabla fedha za msimu hazijatoka sandukuni, mzazi amuulize kijana na huyo "mtu" wake maswali manne: tangazo liko wapi, nafasi hiyo inaruhusu uraia upi, haki ya kufanya kazi itatoka kwenye viza gani, na fedha hii inalipwa kwa nani na kwa risiti ipi. Swali la nne likikosa jibu, yale matatu ya kwanza hayana haja ya kuendelea. Ng'ombe abaki zizini.